Nilitaka leseni kubwa ya drone, kumbe nilikuwa nimesimama upande mbaya wa mto

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa mashambani.

Mimi hapa ni msomaji wa kimya. Nikimaliza kazi nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, halafu naweka simu chini. Leo ndio mara yangu ya kwanza kuandika kitu kirefu. Naandika polepole, na shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hivyo mkiona kosa nivumilieni tuendelee. Chumvi sitaongeza. Kitu chenyewe kilinishangaza vya kutosha bila chumvi.

Nimeona watu wengi hapa wanauliza, "Nianze na leseni gani ya drone?" Na majibu huwa ni yale yale. Chukua kubwa. Ukienda, enda juu kabisa.

Hata mimi niliambiwa hivyo, nikakubali. Karibu nipoteze nafasi moja tu niliyowahi kupewa.

Mimi ni wa Wamagana, huku Tetu. Nililelewa na Cucu, yaani nyanya yangu, kwa shamba la kahawa linaloanzia barabarani juu na kuteremka hadi mtoni. Huku kwetu mashamba mengi yako hivyo. Ni marefu na membamba, kama kitambaa kimeanikwa juu ya mgongo wa ng'ombe. Na sisi hata tunaita mahali petu mgongo. Mto uko huku, mto mwingine uko kule, na katikati ndio sisi.

Kazi yangu ilikuwa kupogoa kahawa ya watu. Unaitwa, unafanya, unarudi nyumbani unangoja kuitwa tena. Kuongea mbele ya watu siwezi. Hata kanisani wakisema wageni wasimame, mimi ni mwenyeji lakini moyo unaruka.

Drone niliiona kwa karibu mara ya kwanza kwa ruracio ya binamu yangu kule Kianyaga, siku ya kupeleka mahari. Mpiga video alikuwa jamaa wa Kenol, anaitwa Githinji. Alitafuta mtu wa kumshikia begi asiyependa kuongea, kwa sababu alisema wale wa kuongea humkanyagia waya. Watu wote wakanionyesha mimi kwa kidole.

Basi akairusha. Akanipa screen nimshikie kidogo afute jasho.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Wazee waliokuwa wamekaa na sherehe yao kubwa walikuwa wadogo kama mbegu za kahawa kwenye vitanda vya kukaushia. Mahema yalikuwa maua. Halafu ile kitu ikageuka polepole, na Mlima Kenya ukaingia kwenye screen, wote, na theluji yake, na mawingu yakiwa chini yake kama kondoo wamelala. Nimezaliwa nikiuona Mlima kila asubuhi ukiamua kujifunua. Lakini siku zote nimeutazama nikiinua shingo. Siku hiyo nilihisi tumetazamana.

Githinji akaniuliza, "Umemeza nzi?"

Mdomo ulikuwa wazi.

Kuanzia hapo nikawa naenda naye kazi za wikendi. Kutembea na yeye kulinifundisha mambo mengi, na moja ni kwamba alikuwa na leseni yake na haogopi askari. Alikuwa anasema, "Nyuki ndio wanaruka bila karatasi. Na hata wao wakikosea wanafukuzwa kwa moshi."

Sasa tuje kwa habari yenyewe.

Kahawa ya mgongo wetu ilishikwa na kutu ya majani. Wanaoijua wanaijua. Majani yanakuwa na unga wa rangi ya chungwa chini yake, yanakuwa njano, yanaanguka, na mti unabaki kama ufagio. Shida ni kwamba inaanza katikati ya shamba, mahali hakuna mtu anapita, na ukiiona kutoka barabarani ujue ilishakula.

Kwa mkutano wa ushirika wetu wa kahawa mtu akasema drone inaweza kuona ugonjwa ukiwa bado mdogo. Kamati ikakubali itafundisha kijana mmoja wa kwetu, kwa gharama ya ushirika, mara moja tu. Akishindwa, hakuna wa pili.

Wakanitaja mimi, kwa sababu ndiye mtu pekee wa mgongo wetu aliyewahi kushika hiyo kitu. Na wakamtaja Karanja. Karanja amesoma upimaji wa ardhi, ana diploma, Kiingereza kinamtoka kama maji. Si mtu mbaya, ni rafiki hata. Lakini mkimweka kando yangu, mimi ni yule wa kushika begi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Wambugu, akaniita mbele.

"Kijana, sisi hatutaki certificate ya kupiga picha ya harusi. Tunataka ile ya mwisho kabisa. Ile wa ng'ambo wakiiona watanyamaza."

Wa ng'ambo ni watu wa mgongo mwingine, upande wa pili wa mto. Tunashindana nao tangu zamani. Factory yao ya kahawa ikipaka rangi, yetu inapaka mbili. Na ilisemekana wao tayari wamepeleka mtu wao Nairobi.

"Utaweza ile kubwa?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini tena? Karanja alikuwa amekaa pale, na kila mtu alijua mimi nikisema hapana, nafasi ni yake.

Nikaenda Nanyuki kwa shule moja ya drone. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke, tutamwita Mwalimu Halima. Kwao ni watu wa kuuza mifugo hapo Nanyuki, na alituambia alijifunza kuhesabu kwa kuangalia ngamia wakipita. Darasani kulikuwa na daktari wa mifugo, mtu wa hoteli, na wasichana wawili wa kampuni ya maua. Wote waliandika haraka. Mimi nilipofika mstari wa tatu wao walishafunga vitabu.

Mwalimu Halima alituelezea ngazi, na hapa ndio nataka ndugu zangu mnaouliza msome polepole. Majina yake ya kisheria ni marefu na sheria hubadilika, kwa hivyo nendeni mkaulize wenyewe. Lakini yeye alisema hivi.

Kuna kozi fupi ya kukufundisha usiumize mtu. Hiyo haikupi kazi.

Halafu kuna leseni ya kazi, ya kuruka mahali drone iko mbele ya macho yako. Alirudia, macho, si screen.

Halafu kuna ile ya juu, ya kuruka mbali usikoona, nyuma ya vilima. Hiyo ina mitihani yake mizito na masaa mengi ya mazoezi, na hata ukishaipata, kazi yenyewe nayo unaiombea ruhusa kabla ya kuruka.

Akapita akiuliza kila mtu anataka gani. Akafika kwangu.

"Ile ya juu," nikasema, nikiangalia viatu vyangu.

Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Utaruka juu ya nini?"

"Kahawa."

"Sijauliza mmea. Nimeuliza ardhi. Ni tambarare ama ni mteremko?"

"Ni mteremko, Mwalimu. Mteremko sana."

"Basi usiniambie leseni bado. Kwanza nione huo mteremko."

Mazoezi ya kwanza tulifanya hapo hapo Nanyuki, kwa uwanja mpana. Asubuhi ile Mlima ulikuwa uchi kabisa, hauna hata kawingu. Nikairusha mwenyewe, ikasimama hewani imetulia kama imewekwa kwa rafu. Mwalimu akasema mikono yangu ni mizuri kwa sababu haina haraka. Hiyo sentensi nilirudi nayo nyumbani kama zawadi.

Lakini Nanyuki ni tambarare, wakuu. Kule hata mbuzi akipotea unamwona siku mbili.

Kabla ya kulipia kozi nzima, kamati ilitaka kuona kwa macho. Mwalimu Halima akakubali kuja Wamagana na drone ya shule, mimi nikiruka na yeye akisimama kando yangu.

Sasa hapa nilifanya kosa ambalo nafikiri ni sisi tu wa hii migongo tunaweza kulifanya.

Kwetu mgeni huonyeshwa shamba kutoka juu, barabarani. Awe ni mnunuzi, afisa wa kilimo ama mkwe, anasimama pale juu, unanyosha mkono, unasema "linaenda hadi mtoni," na yeye anaitikia kwa kichwa. Hakuna mtu anateremka. Chini ni kwa kufuata maji na kukata majani ya ng'ombe. Basi mimi nikasimama pale pale watu wote husimama. Hata sikufikiria.

Kamati nzima ilikuwa nyuma yangu. Karanja alikuwepo. Cucu alikuwa ametoa kiti chake cha kanisani.

Nikairusha. Ikaenda mbele, vizuri. Watu wakaguna kwa furaha. Nikaishusha ifuate mteremko, kwa sababu Mwalimu alikuwa amenifundisha haifai kuwa juu sana kutoka kwa ardhi iliyo chini yake, na ardhi yetu inakimbia kwenda chini. Ikashuka. Ikashuka tena. Mimi niko kwa screen nikiona miti ikipita, nzuri ajabu.

"Iko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Iko hapa," nikaonyesha screen.

"Sijauliza screen. Nimekuuliza wewe."

Nikainua macho. Mbele yangu kulikuwa na hewa tupu na mgongo wa ng'ambo kwa mbali. Shamba letu lina bega, linaenda sawa kidogo halafu linavunjika kwenda mtoni. Drone ilikuwa imepita bega. Hata sauti yake sikuisikia.

"Umevunja leseni ambayo hata hujapewa," akasema, bila hasira. "Ilete nyumbani."

Nikaileta. Uso ulikuwa moto kama nimeinama kwa jiko.

Mzee Wambugu akafurahi, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. "Si mmeona? Hapa bila ile kubwa hakuna kitu. Kijana, ni lazima ile kubwa."

Mwalimu Halima akamwambia ukweli. Kwamba inawezekana, lakini ni safari ndefu, mitihani ni mizito, na ugonjwa wa kahawa hautangoja. Halafu akaniangalia mimi. Hakusema mimi siwezi. Lakini nilimwona akifikiria vile nilivyoandika mistari mitatu wenzangu wakimaliza ukurasa.

Wazee wakanong'onezana. Mwisho mwenyekiti akasema wataamua Jumapili baada ya kanisa, na akamuuliza Karanja kama yeye angeweza ile kubwa.

Karanja akasema anaweza kujaribu. Akaniangalia kama mtu anayeomba radhi.

Ngoja nipumzishe kidole kidogo.

Sawa.

Kesho yake nilienda kukata majani ya ng'ombe chini kabisa karibu na mto, kwa sababu sikutaka kukutana na mtu. Cucu alikuwa huko, anatafuta ng'ombe aliyekata kamba. Nikamsikia akifanya kitu nimemsikia akifanya tangu nikiwa mtoto. Aliweka mikono mdomoni akaita ng'ambo.

"Mama Wanja-iii!"

Kukawa kimya kidogo. Halafu sauti ikarudi kutoka mgongo wa pili, juu juu kule.

"Niko-oo!"

"Ng'ombe yangu iko wapi?"

"Iko kwa majani ya napier ya jirani yako, nyuma ya ule mti ulianguka! Imetulia kama mwenye shamba!"

Cucu akaanza kutukana ng'ombe. Mama Wanja akaendelea, hakuwa amemaliza.

"Na mwambie huyo kijana wako asimame wima! Anaonekana kama nguo imesahaulika kwa kamba!"

Nikasimama wima bila kupenda.

"Na ile kahawa yenu ya juu ya migomba imeanza kuwa njano! Inashuka kama chai imemwagika!"

Nikainua macho kutafuta hiyo njano. Sikuona chochote. Mimi nilikuwa ndani ya shamba letu, na mbele yangu ilikuwa ukuta wa majani mabichi tu. Hata ningekuwa juu barabarani nisingeiona, kwa sababu ya bega.

Panga ikabaki mkononi.

Hawa wamama wawili wameitana hivi maisha yao yote. Huyu anamwambia yule moshi wake unatoka vibaya. Yule anamwambia huyu mgeni anakuja kwako, ficha kuku. Wanaishi migongo miwili inayoshindana, na kila mmoja anajua shamba lake kwa mdomo wa mwenzake. Nimesikia hizo kelele tangu nizaliwe, nikafikiri ni umbea tu. Na umbea ulikuwepo mwingi, sikatai. Lakini mtu wa huku hawezi kuona kwake. Anayekuona ni wa ng'ambo.

Nikaacha majani hapo. Nikavuka daraja la magogo, nikapanda.

Wakuu, kumbukeni mimi ni mtu wa aina gani. Njiani nilipanga maneno mazuri. Nilipofika kwa lango la Mama Wanja yote yalikuwa yameisha.

Yeye alikuwa amesimama hapo na kikombe.

"Nimekuona ukitoka kwenu, nikakuona kwa mto, nikakuona ukipumzika kama mzee. Uji imepoa ikikungoja. Sema."

Nikapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Nyinyi watu wa huko mkija huku ni kukopa ama ni kuoa. Wewe ni gani?"

"Ni kusimama," nikasema.

"Kusimama."

"Kwa boma yako. Nataka nisimame hapa nirushe drone kule kwetu."

Akacheka hadi akashika ukuta. "Ngai, Mungu wangu! Miaka hii yote nimesimama hapa bure, kumbe ni kazi ya leseni."

Halafu akaniambia nigeuke.

Nilikuwa nimepanda nikiangalia miguu. Nikageuka.

Hapa ndipo maneno yangu hayatoshi, lakini nitajaribu. Mgongo wetu wote ulikuwa umesimama mbele yangu, wima, kutoka barabarani hadi kwenye maji. Kila shamba lilikuwa mstari wake, kijani cha chai juu, kijani kingine cha kahawa, migomba, napier, halafu mto uking'aa. Ilikuwa kama mkeka mkubwa umetundikwa ukutani na mtu anayejua kazi yake. Niliona nyumba yetu. Niliona kiti cha Cucu kimesahaulika nje. Niliona ng'ombe. Na katikati, chini ya lile bega, niliona ile njano, imeshuka kama chai iliyomwagika, vile vile alivyosema.

Na nyuma ya kila kitu, juu ya barabara, Mlima.

Nimeishi huko ndani miaka yangu yote. Sikujua tuko hivyo. Nilisimama hadi ule uji ukaganda, na Mama Wanja, ambaye hanyamazi, alinyamaza.

Baadaye akasema atakubali kwa sharti moja. "Ukimaliza ya kwenu, uende kwa Cucu wako usimame huko, uniambie ya kwangu. Yeye macho yake siku hizi imechoka. Juzi ameniambia niko na ng'ombe mpya. Ilikuwa tangi ya maji."

Nikampigia Mwalimu Halima simu. Nilieleza vibaya, nikirukaruka. Aliposhika maana akauliza maswali mengi. Bonde ni pana kiasi gani? Kuna waya za stima? Wenye mashamba wote watakubali? Kutoka hapo unaona hadi maji? Nikasema boma la Mama Wanja liko chini ya bega la mgongo wao, kwa hivyo hakuna kitu kinafichika. Na bonde si pana. Wamama wanaongea kutoka huku hadi kule, hata habari ya chumvi ya mboga.

Mwisho akasema, "Nakuja."

Kumwambia mwenyekiti ndiyo ilikuwa kazi. Nilimngojea nje ya kanisa Jumapili, kabla ya kikao chao. Nikasema yote kwa pumzi moja. Uso wake ulibadilika niliposema ng'ambo.

"Twende kwa hao watuonyeshe shamba yetu?"

Karanja ndiye aliniokoa. Alikuwa karibu, akasema, "Chairman, kwa upimaji hata sisi hufundishwa hivyo. Ukitaka kupima ukuta, huwezi ukiwa umeuegemea." Mpaka leo namshukuru, kwa sababu nafasi ilikuwa inaenda kwake na yeye alijua.

Mwenyekiti akakubali tujaribu, na Karanja na mimi tukapita kila shamba kuomba ruhusa. Yeye aliongea, mimi nikaitikia kwa kichwa.

Siku ilipofika kamati ilivuka mto. Mzee Wambugu alikuja na viatu vya kanisa. Kwenye magogo alishika mkono wangu, akakaza, na tulipofika upande wa pili akauachilia kama hakuna kilichotokea. Watu wa ng'ambo walikuwa wametoka kutazama. Mmoja akasema kwa sauti, "Leo kuna mahari?"

Tulipofika kwa boma, mwenyekiti akageuka kama nilivyogeuka mimi.

Akavua kofia.

Halafu akauliza polepole, "Hiyo ni kwetu?"

"Ni kwetu, Chairman."

"Na hiyo bati nyekundu?"

"Ni yako."

"Kumbe iko hivyo," akasema. Mzee wa miaka yote ile, amekuwa mwenyekiti tangu sijazaliwa.

Nikairusha. Ikashuka na mteremko wa Mama Wanja, ikapita juu ya maji, ikaanza kupanda mgongo wetu, ngazi kwa ngazi, ikifuata ardhi. Ilikuwa nukta nyeupe juu ya kijani, lakini niliiona kila wakati.

"Iko wapi?" Mwalimu akauliza.

Nikanyosha kidole bila kuangalia screen.

"Iko wapi?"

Kidole.

Akauliza hadi wazee wakaanza kunyosha vidole pamoja na mimi, kamati yote, kama watoto wanaohesabu ndege. Mama Wanja pia. "Iko juu ya migomba," alisema. "Sasa iko kwa ile njano. Hapo, simamisha."

Nikasimamisha. Picha zikatoka. Ile njano haikuwa moja. Kulikuwa na nyingine mbili ndogo zimeanza chini yake, ambazo hata Mama Wanja hakuwa ameziona. Aliangalia screen akasema, "Hizi sikuziona," halafu akaniangalia mimi, halafu akaangalia drone ikirudi. Nafikiri na yeye alihisi kile nilihisi kule Kianyaga.

Mwenyekiti akamuuliza Mwalimu Halima, "Kwa hii kazi, kutoka hapa, ni leseni gani?"

"Ya katikati, Mzee. Ya macho."

"Si ile kubwa."

"Ile kubwa ni ya kuruka usikoona. Hapa mnaona kila kitu. Kwa nini mlipie upofu?"

Mwenyekiti alivaa kofia. Kwa kikao walisema ni mimi, na ni hiyo ya katikati, na Karanja atashughulika na zile picha kuzigeuza ramani.

Mitihani niliifanya. Sitadanganya ilikuwa rahisi. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na nilikisoma kama mtu anayechambua mchele. Kile nilichoogopa zaidi kilikuwa mtihani wa kuongea kwa redio, ile ya kuzungumza na watu wa uwanja wa ndege. Kumbe kwa redio hawataki maneno mengi. Unasema wewe ni nani, uko wapi, unataka nini, unanyamaza. Wale waongeaji wa darasa letu walikosolewa hapo. Mimi hapo nilikuwa kama niko kwetu.

Siku hizi nikiruka ya kwetu nasimama ng'ambo. Nikiruka ya ng'ambo nasimama kwetu, kando ya kiti cha Cucu. Yule mtu wao waliyesema amepelekwa Nairobi, ilikuwa uvumi tu. Wananiita mimi.

Kwa hivyo, ndugu zangu mnaouliza, hili ndilo nililojifunza. Usichague leseni kwa urefu wa jina lake ama kwa vile majirani watanyamaza wakiiona. Kwanza enda uangalie ardhi utakayorukia, na utafute mahali pa kusimama, hata kama ni kwa mtu ambaye hampatani. Ukikosa mahali pa kusimama kabisa, ndipo ile kubwa ni yako. Kama kazi yako ni tambarare kubwa za Laikipia, nenda kaichukue na Mungu akubariki. Hata mimi siku moja naweza kuifuata. Lakini nitakuwa najua ni ya nini.

Kitu cha mwisho halafu niwaache.

Baada ya kurusha kule ng'ambo mara ya kwanza nilimpelekea Cucu picha ikiwa kwenye simu. Magoti yake hayajavuka mto miaka mingi. Aliishika karibu na uso, akaisogeza mbali, akairudisha. Nilimwonyesha nyumba, ng'ombe, mstari wetu wote kutoka barabarani hadi kwenye maji.

Akaufuata ule mstari kwa kidole, kutoka juu hadi kwenye maji.

Halafu akasema, "Mama Wanja amekuwa akiniambia hii shamba ni nzuri. Tangu niolewe hapa ananiambia. Nilifikiri ananifariji tu."

Akainuka, akaenda hadi mwisho wa boma, akaweka mikono mdomoni.

Sitaandika alichosema, kwa sababu kilikuwa chao wawili. Lakini kutoka ng'ambo jibu lilirudi haraka, kama mtu alikuwa amesimama hapo akingoja kuitwa.

Nimemaliza, wakuu. Wale mna leseni tayari, semeni mnarukia wapi na mnasimama wapi. Na wale mnataka kuanza, niambieni ardhi ya kwenu iko aje, nitajibu. Polepole, lakini nitajibu.